Nani Alimwambia Mwandishi? Vitabu vya Ujiji na Ziwa Tanganyika

Mwaka 1871, akiwa Nyangwe kando ya mto Lualaba, David Livingstone aliishiwa karatasi. Daftari zake zilikuwa zimejaa, na bidhaa alizotumiwa kutoka Zanzibar zilikuwa Ujiji, mikononi mwa mtu aliyekuwa akiziuza. Akachukua nakala ya gazeti la London, The Standard la tarehe 24 Novemba 1869, akaigeuza upande na kuandika juu yake, mistari ya mkono wake ikikatiza ile iliyopigwa chapa. Wino aliupata kwenye mmea ambao yeye aliuandika zingifure. Wapishi wa Unguja wanaujua kwa jina la mzingefuri. Rangi ile haikudumu. Kwa zaidi ya miaka 100 kilichobaki machoni pa mtu kilikuwa gazeti kuukuu lenye madoa.

Mwaka 2011 kundi la wataalamu likiongozwa na Adrian Wisnicki lilichapisha maandishi hayo. Kila ukurasa ulipigwa picha mara nyingi, kila mara chini ya mwanga wa aina nyingine, ukiwemo ule usioonekana kwa jicho. Wino wa mbegu na wino wa kiwandani hauitikii mwanga kwa namna moja, kwa hiyo kompyuta iliweza kuutenga huu na ule: habari za gazeti zikarudi nyuma, mwandiko ukajitokeza mbele.

Ndipo ikawezekana kuweka matoleo matatu sambamba. La kwanza ni shajara ya gazetini, iliyoandikwa siku zilezile za Julai 1871 ambapo wafanyabiashara wenye bunduki waliufyatulia risasi umati wa sokoni Nyangwe, wengi wakiwa wanawake, na kuua watu ambao kwa hesabu aliyopewa Livingstone walikuwa kati ya 330 na 400. La pili ni daftari kubwa ambamo alinakili habari hizo kwa utulivu, akalikabidhi kwa Henry Morton Stanley Machi 1872. La tatu ni kitabu chenyewe, juzuu mbili zilizotoka London mwaka 1874 kwa uhariri wa Horace Waller. Wisnicki na wenzake wanadai kwamba kati ya toleo la kwanza na la pili Livingstone alilainisha habari za watu wake mwenyewe, wale aliotumiwa na John Kirk, mwakilishi wa Uingereza Zanzibar. Kwenye karatasi za gazeti mwenendo wao una utata zaidi kuliko alivyotaka Uingereza iujue.

Katika kazi ya Waller kuna jambo jingine la kutazama, nalo halihitaji mashine. Livingstone alifariki Mei 1873 kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, lakini kitabu kinaendelea baada ya mwandishi wake kufa. Kurasa za mwisho zilitoka vinywani mwa Abdullah Susi na James Chuma. Hao ndio waliokuwa katika msafara ulioubeba mwili hadi Bagamoyo, kisha mwaka 1874 wakapelekwa Uingereza, wakakaa na Waller wakimweleza njia, mito na watu. Majina yao yamo katika ukurasa wa mwanzo wa kitabu, chini ya jina la marehemu. Wanaitwa watumishi waaminifu, ndiyo, lakini wametajwa. Na kwa vitabu vya safari vya karne ya 19 kutajwa huko si jambo la kawaida.

Hapo ndipo msomaji wa vitabu vya mwambao wa Ziwa Tanganyika anapopata kipimo chake. Kila kitabu kuhusu Ujiji, Kigoma na ziwa lake, kiwe cha safari, vita, sayansi au siasa, kina mtu aliyeshika kalamu na mtu aliyemwambia: mpagazi, mpiga kasia, mkalimani, mkimbizi, mfuatiliaji wa sokwe. Unaweza kuvipanga mezani vitabu visivyofanana hata kidogo na kuviuliza swali hilo moja. Ufundi wa mwandishi unajulikana kwa alivyomtendea yule wa pili.

Stanley alimtendea vibaya. Kitabu chake How I Found Livingstone kilitoka mwaka uleule wa 1872, kikiwa bado moto wa gazeti, na siku ya kufika Ujiji ameijenga kama tamthilia: bendera mbele, bunduki zikipigwa hewani, umati ukisongamana, na mwandishi akijikaza asikimbie. Sauti nyingine zote zinashushwa ili isikike salamu moja ambayo leo inajulikana dunia nzima. Tim Jeal, aliyepata nafasi ya kupekua hifadhi ya karatasi za Stanley huko Ubelgiji, aliandika mwaka 2007 kwamba kurasa za shajara zinazohusu dakika zile zimechanwa, akahitimisha kuwa salamu hiyo ilitungwa baadaye. Livingstone naye, anaposimulia siku ileile, anaanza na Susi akija mbio kumpa habari. Hata tarehe hazipatani: kwa Stanley ilikuwa 10 Novemba 1871, wakati hesabu ya siku ya mzee Livingstone ilikuwa bado Oktoba. Makumbusho ya Ujiji yamefuata tamthilia ya Stanley, na sanamu mbili za Wazungu ziko pale zikiamkiana.

Aliyekuwa mkuu wa askari wa msafara wa Stanley katika safari hiyo ni Sidi Mubarak Bombay, na mtu huyu anafaa kufuatwa kitabu kwa kitabu. Alikuwa Myao, alitekwa angali mdogo, akauzwa na kupelekwa India, ambako alijifunza Kihindustani. Yumo kwa Richard Burton (1860), yumo kwa John Hanning Speke (1863), yumo kwa Stanley (1872), na yumo kwa Verney Lovett Cameron (1877). Speke anampenda kwa dhati. Stanley anampiga na kulalamika. Cameron analalamika tu. Ukisoma wote wanne unaanza kumwona Bombay vizuri kuliko mwandishi mmoja mmoja alivyomwona, na unawajua waandishi wenyewe pia.

Jinsi habari ilivyopita kwake inaelezwa vizuri na kisa cha mto Rusizi. Burton na Speke walifika ziwani Februari 1858, Burton akiwa hawezi kutembea na Speke akiwa karibu kipofu kwa maradhi ya macho. Swali lililowachoma lilikuwa moja: mto ulioko kaskazini unatoka ziwani au unaingia? Ukitoka, huenda ni chanzo cha Nile. Speke alivuka hadi kisiwa cha Kasenge kumtafuta mfanyabiashara Hamed bin Sulayyim, akarudi na habari kwamba mto unatoka. Sasa tazama njia ya habari hiyo. Hamed alimweleza Bombay, Bombay akamweleza Speke kwa Kihindustani, Speke akamweleza Burton kwa Kiingereza. Mwezi Aprili walipanda mitumbwi miwili hadi Uvira, na huko watoto wa mtemi wakawaambia bila kusita kwamba Rusizi inaingia. Burton anasimulia kwamba hapo Bombay alisema Speke ndiye aliyesikia kinyume. Maradhi na woga wa wapiga kasia vikawazuia kufika mdomoni mwa mto, na huko Ulaya mabishano yakaendelea hadi mwishoni mwa 1871, Livingstone na Stanley walipokwenda kwa mtumbwi kutoka Ujiji na kuona maji yakiingia. Watu wa Uvira walikuwa wakilijua jambo hilo siku zote.

Kwa haki ya Burton, kitabu chake kina thamani ambayo kejeli zake haziwezi kuifuta. Anaandika bei: nguo, shanga, chumvi ya Uvinza, nauli ya kuvushwa mto Malagarasi. Mahali anapowadharau watu haaminiki, lakini kwenye bei inaonekana aliuliza na kunakili. Wanahistoria wa uchumi bado wanamhitaji.

Kisha kuna kitabu ambacho msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani ili akifikie. Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, aliandika maisha yake mwenyewe uzeeni Zanzibar, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Heinrich Brode aliyageuza kuwa herufi za Kirumi na kuyachapisha Ujerumani mwaka 1902 na 1903 pamoja na tafsiri ya Kijerumani, W. H. Whiteley akayatoa tena Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1950, safari hii Kiswahili kikiwa na Kiingereza ubavuni. Wengi wanakitaja kuwa kitabu cha kwanza cha mtu kusimulia maisha yake kwa Kiswahili.

Kimeandikwaje? Kama mfanyabiashara anavyozungumza barazani. Sentensi ni fupi, na mazungumzo yamewekwa kama yalivyosemwa, huyu akauliza na yule akajibu. Pembe zinahesabiwa kwa frasila, deni linatajwa pamoja na jina la mdaiwa, na mandhari karibu hayana nafasi. Livingstone, Cameron na Stanley wanapita ndani ya kitabu kama wateja wengine, mmoja mwenye shida, mwingine mwenye ahadi. Mwaka 1876 Stanley alimwajiri amsindikize kuteremka Lualaba, na msomaji anaweza kusoma mapatano hayo katika vitabu viwili. Stanley ameandika dola 5000. Kwa Tippu Tip kiasi ni kikubwa zaidi, na analalamika kwamba baada ya ahadi zote alichotumiwa na Mzungu huyo ni picha yake. Ni mojawapo ya nafasi chache ambapo mtu aliyeandikwa alimjibu mwandishi.

Lakini kipimo kinamkata na yeye. Maelfu ya watu waliobeba pembe zake, waliotekwa na kuuzwa, hawana sauti katika kitabu chake. Vijiji vinachomwa kwa sentensi moja, na ijayo inarudi kwenye pembe. Ustadi wa masimulizi yake unamfanya msomaji apite mbio mahali ambapo angepaswa kusimama, na pengine hiyo ndiyo sababu ya kukisoma mara mbili.

Kati ya vitabu vya wamisionari, chenye jina la kuchekesha kuliko vyote ni cha Annie Hore, To Lake Tanganyika in a Bath Chair, cha mwaka 1886. Mumewe Edward, nahodha wa meli aliyefika Ujiji mwaka 1878 kwa ajili ya London Missionary Society, aliagiza kiti cha wagonjwa, kikatundikwa kwenye miti, na mama huyo akabebwa pamoja na mtoto wao mchanga kutoka pwani hadi ziwani. Kitabu ni chepesi. Kinachokiokoa ni urefu wa macho ya mwandishi: kwa kuwa alikaa mabegani mwa watu kwa wiki nyingi, aliwaona wapagazi kwa karibu, wanavyopeana zamu, wanavyoimba, wanavyomchekesha mtoto. Nahodha mwenyewe aliandika kitabu kikubwa zaidi mwaka 1892, chenye maarifa mengi ya ziwa na uchangamfu haba.

Vita vya Kwanza vya Dunia vimezaa vitabu vya kusisimua, na hapa msomaji asitarajie kina kirefu. Meli Graf von Goetzen ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikavunjwavunjwa na kufungwa katika masanduku yapatayo 5000, ikapelekwa Dar es Salaam, ikasafiri kwa Reli ya Kati iliyokuwa imefika Kigoma mwaka 1914, ikaundwa upya na kushushwa ziwani Februari 1915. Waingereza nao walileta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kutoka London kupitia Cape Town, zikaburutwa milimani Kongo kwa matrekta ya mvuke na maksai. Giles Foden alikisimulia kisa hicho mwaka 2004 kwa ucheshi mwingi, karibu wote ukimzunguka kamanda Geoffrey Spicer-Simson na vituko vyake. C. S. Forester alikuwa ameshakigeuza kuwa riwaya, The African Queen, mwaka 1935. Katika vyote viwili waliokata barabara ile porini na kuvuta kamba wako pembeni mwa jukwaa. Kigoma ndiyo iliyomzaa Ben Mtobwa, mwandishi wa riwaya aliyemuumba mpelelezi Joram Kiango, na ni vigumu kusoma habari za Goetzen kuzamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916, mitambo ikiwa imepakwa grisi ili isiharibike, kisha kuibuliwa na kurudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba, bila kuwaza Mtobwa angeipikaje.

Kitabu cha Ernesto Che Guevara kuhusu Kongo kinashangaza kwa sababu nyingine. Aprili 1965 alivuka usiku kutoka Kigoma hadi Kibamba, upande wa pili wa ziwa, akiwa na kikosi cha kwanza cha Wacuba. Majina ya kificho yalichukuliwa kutoka kwenye hesabu ya Kiswahili: Moja, Mbili, na yeye mwenyewe Tatu. Novemba walivuka kurudi, mpango ukiwa umevunjika. Aliandika habari hizo Dar es Salaam, ndani ya ubalozi wa Cuba, na kitabu kizima hakikuchapishwa hadi mwaka 1999. Kigoma inatajwa kwa uchungu: ni mji wa baa, mahali ambapo viongozi na wapiganaji wa waasi wa Kongo walipenda kuvukia kuliko kukaa mstari wa mbele. Ufundi wake uko katika kutangaza mapema kwamba hii ni habari ya kushindwa, kisha kulitafuta kosa bila kujiruka. Na katika tathmini yake ya mwisho anajilaumu kwa jambo linalohusu makala hii moja kwa moja. Hakujifunza Kiswahili haraka vya kutosha. Kifaransa kilimwezesha kuzungumza na wakubwa na kikamtenga na wapiganaji wa kawaida, kwa hiyo kwa miezi yote hiyo aliyoyasikia yalikuwa yamepita kwanza kwa watu wenye maslahi yao. Ni mwandishi pekee kwenye meza hii aliyeliona tatizo hilo na kuliandika.

Mwanaanthropolojia Liisa Malkki alilifanyia kazi. Purity and Exile, kilichotoka mwaka 1995, kinatokana na utafiti wa mwaka 1985 na 1986 kati ya Wahutu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Nusu ya utafiti ilifanyika katika makazi ya Mishamo, ambayo sasa yako mkoani Katavi, nusu nyingine katika mji wa Kigoma. Mishamo watu walikuwa wamefungiwa mahali pamoja, na masimulizi yao yalifanana mno, karibu historia moja ya taifa ikirudiwa na wasemaji wengi. Malkki aliyapanga masimulizi hayo katika vipande vilivyotengwa na matini yake, ili msomaji aone wazi wapi anasema mkimbizi na wapi anasema mtafiti. Ni uamuzi wa mpangilio wa ukurasa tu, lakini umebeba kitabu kizima.

Kigoma mjini mbinu hiyo haikumfaa. Wakimbizi wa mjini walikuwa wameoa na kuolewa, wanafanya biashara, wanajiita Waha au watu wa Kigoma tu, na hawakupenda kuitwa wakimbizi. Hapakuwa na simulizi moja la kukatwa vipande. Malkki hakulazimisha. Sura za Kigoma zina maungo tofauti, zimejaa watu wanaojibu kwa tahadhari na kubadilisha jina kulingana na mahali, na mtu aliyekulia mitaa ya Mwanga au Gungu atazitambua kuliko zile za Mishamo. Wasomi huzinukuu zaidi za Mishamo. Kwa uzoefu wa msomaji wa hapa, za Kigoma ndizo ngumu zaidi kuandikwa, na ndizo zilizoandikwa vizuri zaidi.

Historia ya ziwa ya Philip Gooding ya mwaka 2022 inastahili sentensi mbili. Inalisoma Tanganyika la karne ya 19 kama mpaka wa ulimwengu wa Bahari ya Hindi, kwa kupitia shanga, tanga na uungwana, na inawasoma upya Burton, Hore na wengineo ili kuwatafuta watu wa mwambao waliofichwa katika sentensi zao.

Safari ya mwisho ni ya boti za Kibirizi kwenda Gombe, ambako mtafiti wa sokwe Jane Goodall alishuka tarehe 14 Julai 1960 akiwa na mama yake na mpishi. Vitabu vyake viwili vinafaa kusomwa pamoja. In the Shadow of Man cha mwaka 1971 ni hadithi: sokwe wana majina, David Greybeard anachokoa mchwa kwa jani, Flo analea watoto. The Chimpanzees of Gombe cha mwaka 1986 ni jabali la kurasa mia kadhaa, majedwali na michoro, linalochosha mikono kulishika. Wengi hupenda cha kwanza. Cha pili ndicho kinachoonyesha kazi ilivyofanyika.

Kati ya vitabu hivyo viwili Gombe ilibadilika. Tarehe 19 Mei 1975 watu wenye silaha kutoka Zaire walivuka ziwa na kuwateka wanafunzi wanne wa kigeni. Waliachiliwa baadaye, lakini watafiti wa nje wakaondolewa, na kazi ya kila siku ikabaki kwa Watanzania waliokuwa wakiifanya tayari: Hilali Matama, Hamisi Mkono, Eslom Mpongo, Yahaya Alamasi na wenzao. Matama ndiye aliyeshuhudia, Januari 1974, sokwe madume wa kundi la Kasakela wakimvamia Godi wa kundi la Kahama, shambulio la kwanza kushuhudiwa katika vita vya sokwe vilivyodumu miaka minne na kubadilisha sayansi ya wanyama hao. Goodall, aliyefariki Oktoba 2025, anawataja kwa majina ndani ya kitabu cha 1986, pamoja na nani aliona nini na lini.

Wafuatiliaji hao waliandika kwa mkono: sokwe gani aliamka wapi, alikutana na nani, alikula nini, alipigana na nani. Kumbukumbu hizo, zilizoandikwa kwa miongo mingi, zilihifadhiwa kwa miaka kadhaa Chuo Kikuu cha Duke, jimbo la North Carolina, ambako wanafunzi wa Kimarekani walizitumia kwa tasnifu zao. Kabla ya kuingizwa kwenye kompyuta inabidi zifasiriwe kwanza, maana Hilali Matama na wenzake waliziandika kwa Kiswahili.